Kwa Mpiga Gitaa Anayeandaa Albamu Yake ya Kwanza: Mafunzo Kutoka Blow by Blow ya Jeff Beck

Vijana wengi wanaonijia kujifunza gitaa la umeme hufika wakiwa na kasi tayari. Vidole vyao vimezoea skeli, yaani ngazi za sauti zinazopangwa kutoka chini hadi juu, wanawafahamu wapigaji wakubwa wa roki mmoja mmoja, na haupiti muda kabla hawajauliza wafanye nini ili warekodi albamu yao wenyewe isiyo na mwimbaji, ambamo roki nzito, bluzi na ile jazi ya umeme inayoitwa fusheni vitakaa pamoja bila kugombana. Jibu langu ni kuwapa albamu moja na kuwataka waisikilize kwa makini, kipande kwa kipande, kabla ya kutunga chochote. Albamu hiyo ni Blow by Blow ya Mwingereza Jeff Beck, iliyorekodiwa katika studio za AIR mjini London mwishoni mwa mwaka 1974 na kutolewa mwaka 1975. Haina mwimbaji, na bado ilipanda hadi nafasi ya 4 katika orodha ya albamu zilizouzwa zaidi Marekani. Naipenda kama funzo kwa sababu inaonyesha wazi jambo ambalo mazoezi ya chumbani hayalionyeshi hata kidogo: jina lililo kwenye jalada ni la mtu mmoja, lakini nguvu ya kazi yenyewe imetokana na jinsi mtu huyo alivyowachagua wenzake, alivyowasikiliza, na alivyojua wakati wa kunyamaza.

Ni vyema kwanza ujue Beck alikuwa amefikia wapi alipoingia studio. Alikuwa na umri wa miaka 30 na hakuwa mgeni wa kazi. Mwaka 1965 alichukua nafasi ya Eric Clapton katika bendi ya Yardbirds. Mwaka 1968 alitoa albamu akiwa na Rod Stewart kwenye uimbaji na Ronnie Wood kwenye besi, kazi ambayo ilisaidia kuifungulia njia roki nzito. Na mwaka 1973 akatoa nyingine pamoja na Wamarekani Tim Bogert na Carmine Appice, besi na dramu zenye kishindo kikubwa. Kundi hilo la watu watatu halikudumu. Kwa hiyo alikuwa amekwisha kupita katika bendi kadhaa, waimbaji wakija na kuondoka, na uimbaji haukuwa kipaji chake yeye. Wakati huohuo muziki mwingine ulikuwa unachemka kando ya roki. John McLaughlin, Mwingereza mwenzake, alikuwa amepiga gitaa katika rekodi za mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis za mwaka 1969, kisha mwaka 1971 akaanzisha Mahavishnu Orchestra; na Billy Cobham, mpiga dramu wa kundi hilo, alitoa mwaka 1973 albamu ya Spectrum, ambamo kijana wa roki, Tommy Bolin, alipiga gitaa lenye mkwaruzo, ile sauti nzito iliyochafuliwa makusudi, juu ya midundo migumu ya jazi. Beck aliusikiliza muziki huo kwa shauku, na humo aliona nafasi ya mpiga gitaa wa roki aliyechoka kumsubiri mwimbaji.

Hapa pana funzo la kwanza, nalo nataka ulishike vizuri kwa sababu wanafunzi wengi hupotea papo hapo. Beck alipovutiwa na fusheni hakujaribu kuwa McLaughlin. Hakuanza kumwaga sauti kumi na sita kwa kila pumzi, wala hakuficha kwamba amelelewa na bluzi na roki ya miaka ya hamsini. Alichokichukua kutoka fusheni ni sakafu: midundo inayotembea, kinanda chenye kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) pana zaidi kuliko zile tatu za bluzi, na besi inayozungumza badala ya kurudia sauti moja. Juu ya sakafu hiyo akaendelea kupiga lugha yake ileile, yaani kuvuta uzi, kuutetemesha, kuuachia mkwaruzo, na kukaa kimya baina ya sentensi moja na nyingine. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba sauti anazotumia mara nyingi ni zilezile za skeli ya bluzi unayoijua wewe. Kinachozifanya zisikike mpya ni kodi za kinanda zinazobadilika chini yake. Basi usiache ulichonacho ili ukatafute cha mwingine. Ikiwa bluzi ndiyo unayoisema kwa ufasaha, isindikize hadi mahali pengine, usiitupe njiani.

Sasa tuwaangalie wenzake, maana hapa ndipo ninapotumia muda mwingi darasani. Kinanda kilipigwa na Max Middleton, ambaye alikuwa na Beck tangu kundi lake la mwanzoni mwa miaka ya sabini na ambaye alikuwa na sikio la jazi lililomzidi kiongozi wake. Besi ilipigwa na Phil Chen, mzaliwa wa Jamaika, na dramu zikapigwa na kijana Richard Bailey kutoka Trinidad. Fikiria maana ya chaguo hilo. Mpiga gitaa aliyetoka kufanya kazi na watu waliopiga kwa nguvu kana kwamba kila mmoja ndiye nyota, anakwenda kuwatafuta watu wawili wa visiwa vya Karibi ambao midundo yao ni mepesi, inayonesa, iliyojaa nafasi. Bailey hupiga dramu nyingi kuliko unavyodhani unapomsikia mara ya kwanza, lakini kwa mkono mwepesi, hivi kwamba gitaa halilazimiki kupiga kelele ili lisikike. Hata wimbo wa Beatles ambao Beck aliurudia katika albamu hii ameulaza juu ya mdundo unaokaribia rege, na Chen hakuhitaji mtu wa kumfundisha mdundo huo.

Chukua kipande cha Freeway Jam, kilichotungwa na Middleton, na ukisikilize kwa namna hii. Mara ya kwanza fuata dramu peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruhusu sikio likimbilie gitaa. Mara ya pili fuata besi. Mara ya tatu fuata kinanda, na uhesabu ni mara ngapi kinanda kinaacha kabisa kupiga. Ukimaliza, ndipo usikilize gitaa, nawe utaona kwamba Beck haingii mpaka mdundo umekwisha kutulia na kila mtu amekaa mahali pake. Na anapoingia, kiitikio chake ni chepesi kiasi kwamba mtoto anaweza kukiimba kwa mdomo. Kutoka kwenye kiitikio hicho ndiyo anakwenda kutangatanga, kuvuta nyuzi, kuzilalamisha, kisha anarudi. Wale miongoni mwenu waliokua wakisikiliza muziki wa dansi wa Dar es Salaam au rumba ya Kongo wana faida hapa wasiyoitambua, kwa sababu masikio yao yanajua tangu utotoni kwamba gitaa la solo halina thamani pasipo la ridhim na la besi kuliandalia njia. Sijui kwa nini wengi wao huisahau elimu hiyo siku wanapofungulia mkwaruzo wa roki.

Ushauri wangu wa kazi ni huu. Kabla hujakodi saa hata moja ya studio, rekodi kwa simu mazoezi ya dramu, besi na kinanda bila gitaa lako kabisa. Peleka rekodi hiyo nyumbani uisikilize ukiwa unafanya shughuli nyingine. Ikiwa mguu haukutikisika na hukutamani irudiwe, tatizo haliwezi kuponywa na solo yako, hata uipige kwa ustadi gani. Rudi kwa wenzako mtafute mdundo mwingine. Ikiwa inakuvutia hivyohivyo bila wewe kuwemo, basi umepata kibao, na kazi yako iliyobaki ni kuongeza kilicho cha lazima tu.

Funzo linalofuata ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kulifanya gitaa liimbe. Mwimbaji anapoondolewa, msikilizaji hapotezi sauti peke yake. Anapoteza maneno, pumzi, uso wa mtu anayemwambia jambo. Kitu fulani lazima kishike nafasi hiyo, na kasi haiwezi kuishika. Katika albamu hii somo hilo limo katika Cause We've Ended as Lovers, wimbo wa taratibu uliotungwa na Stevie Wonder. Wonder na Beck walikuwa wamefahamiana kazini. Gitaa la Beck linasikika katika albamu ya Wonder ya mwaka 1972. Wimbo huu ulikuwa na maneno yake, na Syreeta aliuimba katika albamu yake ya mwaka 1974. Maana yake ni kwamba Beck hakuupata kama zoezi la gitaa. Aliupata kama maombolezo ya mtu aliyeachana na mpenzi wake, na akaupiga kama mtu anayejua ni wapi neno linaanza na wapi linakwisha.

Sikiliza zile sekunde za mwanzo. Sauti ya gitaa inafika bila kishindo cha uzi kugongwa, inachipuka kutoka kwenye ukimya, inajaa, kisha inafifia. Hilo hufanywa kwa kidole kidogo cha mkono wa kulia kilichokaa kwenye kitufe cha sauti cha gitaa: uzi unapigwa wakati sauti imefungwa, halafu kitufe kinazungushwa polepole mpaka sauti ijae. Roy Buchanan, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa mbinu hiyo kwenye gitaa la Telecaster, ndiye ambaye Beck alimtunukia kipande hiki kwenye jalada la albamu. Jambo la kuzingatia ni kwamba mbinu hii inaondoa kile kishindo cha mwanzo wa sauti kinachomjulisha msikilizaji kuwa hiki ni chombo cha nyuzi, na kinachobaki kinakaribia sana koo la binadamu.

Wanafunzi wangu hufanya zoezi hili, nawe ulifanye. Chagua wimbo wowote wa taratibu unaoujua kwa maneno, uwe wa taarabu, wa kanisani au wa dansi. Uimbe kwa mdomo huku ukiweka alama kwenye karatasi kila unapovuta pumzi. Kisha upige kwenye gitaa ukiwa na sharti moja: kila palipo na alama ya pumzi, uzi unyamaze kabisa. Utashangaa jinsi unavyotaka kujaza nafasi hizo. Ukiizoea hali hiyo, ongeza sharti la pili, kwamba neno linalorudiwa katika wimbo lisipigwe mara mbili kwa namna moja. Mara ya kwanza lipige moja kwa moja, mara ya pili lifikie kwa kuvuta uzi kutoka sauti ya chini, mara ya tatu lifikie kwa kuteleza kidole kwenye shingo ya gitaa. Beck anafanya hivyo katika kipande chote: kila wazo linaporudi limebadilika kidogo, na ndiyo maana kilele kinapofika, pale nyuzi zinapovutwa kwa nguvu na mkwaruzo unapoongezeka, msikilizaji yuko tayari kukipokea. Angeanza na kilele asingekuwa na pa kwenda.

Kuhusu kuvuta uzi nasisitiza jambo moja zaidi, kwa kuwa nalisikia likiharibika kila siku. Uzi unaovutwa lazima ufike kwenye sauti iliyokusudiwa, usipungue wala usizidi. Piga kwanza sauti unayoitaka bila kuvuta, iimbe, kisha irudie kwa kuuvuta uzi kutoka sauti iliyo chini yake, ukilinganisha. Mazoezi ya robo saa ya namna hiyo kila siku yana faida kuliko saa nzima ya skeli za kasi, nami nasema hivyo nikijua kwamba vijana hawapendi kulisikia.

Midundo isiyo ya kawaida haihitaji maneno mengi. Scatterbrain imejengwa juu ya vipimo vya mapigo tisa, na Diamond Dust, kipande cha mwisho kilichotungwa na Bernie Holland, kinatembea kwa mapigo matano. Mgeni wa fusheni huogopa hesabu hizi au huzitumia kama pambo la kujionyesha. Hesabu kwa sauti, piga makofi, tembea nayo chumbani mpaka mwili uipokee. Ukiweza kuzungumza na mtu huku mguu wako ukishika matano, ndipo ushike gitaa. Na usiweke mdundo wa namna hiyo kwenye wimbo usioudai. Katika albamu yote ni sehemu ndogo tu iliyopewa hesabu ngumu, na vipande vingi vinabaki katika mapigo manne ya fanki ambayo mtu anaweza kuyachezea.

Vifaa navyo tuvipite haraka. Utasoma kwamba Beck alitumia gitaa ambalo fundi Seymour Duncan alimtengenezea kwa kuweka vinasa sauti vya Gibson kwenye mbao ya Telecaster, na kwamba katika ule wimbo wa Beatles alitumia kifaa chenye bomba laini linalopeleka sauti ya gitaa hadi mdomoni mwa mpigaji ili mdomo uiumbe kama maneno. Ni kweli na inavutia kujua. Lakini usitumie akiba yako kutafuta gitaa la mtu mwingine. Ulilonalo, likiwa na nyuzi zinazokaa kwenye tyuni na amplifaya isiyoungua katikati ya rekodi, linatosha kabisa kwa albamu ya kwanza, na pesa iliyobaki mlipe mpiga dramu mzuri.

Tufike kwa prodyuza. Kazi hii ilisimamiwa na George Martin, yuleyule aliyeziongoza rekodi za Beatles, na ambaye muda mfupi kabla alikuwa amesimamia albamu ya Mahavishnu Orchestra iliyotoka mwaka 1974. Alikuwa ni mtu anayejua orkestra na anayejua fusheni, na hakuwa mpiga gitaa, jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Mpiga gitaa mwingine angemsifu Beck kwa mbinu. Martin alisikiliza kama kipande kinasimama. Ndiye aliyepanga vyombo vya nyuzi vya orkestra vinavyoingia katika Scatterbrain na Diamond Dust, na ukivisikiliza utaona havikuwekwa kulipamba gitaa. Vinalisukuma, vinalijibu, na katika Diamond Dust vinachukua uwanja na kuliacha gitaa likiwa mgeni miongoni mwao. Mwenye albamu alikubali kupunguzwa ndani ya albamu yake mwenyewe, na kipande hicho ndicho kirefu kuliko vyote, kikizidi dakika nane.

Wewe pengine huwezi kumlipa prodyuza wa aina hiyo. Tafuta hata hivyo mtu mmoja mwenye sikio unaloliamini, asiyepiga gitaa, awe mwalimu wa kwaya, mpiga kinanda wa bendi au fundi mitambo mwenye uzoefu, na umpe mamlaka ya kweli. Mamlaka ya kweli maana yake ni kwamba akisema solo hii ni ndefu mno, inakatwa. Kubaliana naye mapema, kabla ya siku ya kurekodi, kwa kuwa ndani ya studio, saa zikiwa zinahesabiwa na watu wamechoka, mabishano ya namna hiyo huharibu kazi na urafiki pamoja.

Mtu huyo atakusaidia pia kuacha. George Martin alisimulia kwamba Beck alikuwa haridhiki na solo zake, akawa anarudi tena na tena kuomba azirekodi upya, mpaka ikafika siku Martin akalazimika kumjulisha kwamba haiwezekani tena, kwani santuri ilikuwa tayari iko madukani. Mwanafunzi anapoisikia habari hii hucheka, lakini nataka uifikirie kwa utulivu. Fundi wa kiwango hicho hakuwa na uwezo wa kujua mwenyewe kwamba amemaliza. Solo alizotaka kuzifuta ndizo ambazo wapiga gitaa wamekuwa wakizisomea tangu wakati huo. Kwa hiyo weka idadi ya marudio kwa kila solo, tatu au nne zinatosha, lala usiku mmoja, kisha mwache yule mwenye sikio achague. Mara nyingi atachagua ile yenye kosa dogo na uhai mwingi, nawe utaumia kidogo. Iache.

Jambo la mwisho ni karatasi, nalo vijana hulidharau hadi pesa ya kwanza inapoingia. Tazama tena Blow by Blow: kuna vipande vya Stevie Wonder, kuna cha Middleton, kuna cha Holland, kuna cha Lennon na McCartney, na kuna walivyotunga Beck na wenzake pamoja, na kila kimoja kimeandikwa jina la mwenyewe. Jioni ileile kibao kinapokamilika mazoezini, kaeni muandike nani ametunga kiitikio, nani ameleta mdundo, na mgawo wa kila mmoja ni asilimia ngapi, kisha wote mtie sahihi. Ukirudia wimbo wa mtu, omba idhini yake kabla ya kurekodi, hata kama huimbi maneno yake, kwa kuwa tuni nayo ni mali yake. Baada ya hapo sajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA kwa walio Tanzania na KECOBO kwa walio Kenya, ukitumia majina kamili ya wapigaji wote, pamoja na yule aliyekuja siku moja tu kupiga kinanda kwenye kipande kimoja.